Aya moja, mambo manne: uchambuzi wa kisa cha darasa la tano Pemba

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na makosa yanayojirudia katika mabuku ya insha, kuanzia darasa la nne mpaka la sita. Skuli ni ya shamba, upande wa Wete, kaskazini mwa Pemba. Darasa la tano lina watoto 48 wa mkondo wa asubuhi, na kipindi ni cha dakika 40. Mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: "Andika aya moja kuhusu karafuu." Mtoto mmoja wa kike, mwenye hati nzuri na asiyekosa skuli, alikabidhi kazi ifuatayo. Namba tumezitia sisi ili iwe rahisi kurejea. Yeye aliandika mfululizo.

(1) Karafuu ni zao la biashara. (2) Karafuu inawaletea pesa watu wa Pemba. (3) Siku moja tulikwenda shamba na baba kaka akapanda mkarafuu akachuma na mimi nikaokota za chini. (4) Karafuu huanikwa juani kwenye majamvi. (5) Mvua ikinyesha huharibika. (6) Mama alininunulia viatu vya skuli. (7) Karafuu pia ni dawa ya meno. (8) Kabla ya kuanikwa huchambuliwa makonyo. (9) Kaka alitaka kuanguka. (10) Serikali hununua karafuu. (11) Kwa hiyo karafuu ni nzuri sana tuzitunze.

Mwalimu alizungushia "inawaletea" akaandika "zinawaletea", akatia mkato katika sentensi ya 3, akaandika chini kwa wino mwekundu "Panga mawazo yako", na maksi 5 kwa 10. Siku ya pili mtoto akarudisha kazi ikiwa imenakiliwa upya kwa hati nzuri zaidi, "zinawaletea" ikiwa sahihi, mkato upo mahali pake, na sentensi 11 zile zile kwa mpangilio ule ule.

Hakukaidi. Kwa upande wake mawazo yalikuwa yamepangwa, yalipangwa kwa jinsi yalivyomjia. Neno "panga" halimwambii ashike nini, atoe nini na aweke wapi. Ni agizo la mtu anayejua kupanga kwa mtu mwengine anayejua kupanga. Katika wino wote mwekundu uliokuwa kwenye buku lile, maneno yenye kazi ya kufanyika yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalihusu sarufi. Ndiyo yaliyofanyiwa kazi.

Kabla ya kumgusa mtoto, tulitazame swali. "Kuhusu karafuu" si swali, ni uwanja mzima. Mtoto wa Pemba anajua mengi ya karafuu kuliko yanavyoweza kukaa kwenye aya, na ukimwambia aandike "kuhusu" atamwaga yote kwa uaminifu. Zaidi ya nusu ya vurugu iliyomo kwenye aya ile imeanzia ubaoni. Swali la aya moja linatakiwa liwe na jibu moja: karafuu hufanywa nini baada ya kuchumwa mpaka ziwe tayari kuuzwa? Au: pesa za karafuu zinaisaidia nini familia yako? Yote mawili ni ya karafuu, lakini sentensi inayofaa kwa moja haifai kwa jengine.

Sasa kazi yenyewe. Njia nyepesi ya kuipima ni kuandika pembeni mwa kila sentensi swali inalolijibu. Sentensi za 4, 5 na 8 zinajibu "huandaliwaje?" Za 2, 6 na 7 zinajibu "zina faida gani?" Za 3 na 9 zinasimulia siku moja shambani. Ya 10 inasema nani mnunuzi. Ya 1 na ya 11 hazijibu swali lolote. Unaweza kuzipachika mwanzo na mwisho wa aya yoyote ya zao lolote, na ndivyo watoto wanavyofanya. "Ni zao la biashara" na "kwa hiyo tuzitunze" ni sentensi za kukariri. Ukiondoa "karafuu" ukatia "nazi", zinabaki kama zilivyo. Basi aya moja imebeba mambo manne, na imefungwa kwa mlango na komeo ambavyo si vyake.

Kiswahili kina kipimo kingine ambacho walimu wengi hawakitumii, nacho kipo wazi machoni: viambishi vya njeo, yaani vya wakati wa kitenzi. Jambo la kawaida, linalofanyika kila msimu, husemwa kwa hu-: huanikwa, huchambuliwa, hununua. Tukio la siku moja husemwa kwa -li- likafuatiwa na -ka-: tulikwenda, akapanda, akachuma, nikaokota. Fuata vitenzi vya mtoto huyu kutoka juu hadi chini utaona anavuka kutoka kueleza kwenda kusimulia, au kurudi, mara 6: kati ya sentensi ya 2 na 3, 3 na 4, 5 na 6, 6 na 7, 8 na 9, 9 na 10. Mara 5 kati ya hizo, pale pale kitenzi kinapobadilika na mada imebadilika. Watoto wa darasa la tano hawawezi kujibu wakiulizwa "wapi umetoka nje ya mada?", lakini wakiambiwa wapige mstari chini ya kila hu- na duara kwenye kila -li- na -ka-, wanaweza, na kwa dakika 5 buku zima limeshajieleza.

Mara moja iliyobaki ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Kati ya sentensi ya 6 na ya 7 njeo inabadilika lakini mada haibadiliki. "Mama alininunulia viatu vya skuli" inaonekana haina uhusiano na karafuu, na ni ya kwanza kukatwa na kalamu nyekundu. Kumbe ndiyo sentensi bora kuliko zote. Muulize mtoto:

"Viatu hivi vimeingiaje kwenye karafuu, mwanangu?"

"Mama kauza karafuu zetu, maalim, ndo kaninunulia."

Hapo ndipo kiungo kilipo. Mtoto anakijua, msomaji hakijui, na mtoto hajui kwamba msomaji hakijui. Kinachokosekana ni maneno machache tu: "Msimu uliopita mama aliuza karafuu, akaninunulia viatu vya skuli." Sasa sentensi ya 6 ni ushahidi wa sentensi ya 2, na aya ya faida imepata kitu ambacho kitabu cha darasani hakina. Mwalimu anayekata kila chenye -li- kwa kuwa kinatoka nje ya mada atabaki na aya safi isiyo na kitu ndani. Kwa hiyo kipimo cha njeo kinaonyesha mahali pa kuuliza, hakitoi hukumu.

Dawa inayotolewa sana darasani ni "sentensi ya mada": anza na sentensi inayotaja jambo kuu, kisha eleza, kisha hitimisha. Si uongo, lakini ikitangulizwa inadhuru. Mtoto huyu tayari anayo sentensi ya mwanzo na ya mwisho, tena zimekaa mahali zinapotakiwa. Umbo la aya analo, ila halina kazi, kwa sababu hakuchagua kabla ya kuandika. Ukimfundisha umbo zaidi atakupa mlango mzuri zaidi wa nyumba ile ile. Kinachotangulia ni kutoa. Mtoto ajifunze kuishika sentensi nzuri, ya kweli, aliyoiandika mwenyewe, na kuiweka pembeni kwa sababu swali la leo silo lake. Hili ni gumu kuliko kuandika, na halifundishiki kwa maneno.

Bahati nzuri Pemba kazi hii ina mfano wake nyumbani. Karafuu zikishuka mtini huja na vikonyo, na jioni watu wazima kwa watoto hukaa kuzichambua: karafuu huku, makonyo kule. Mwalimu hana haja ya kueleza zaidi ya hapo, ila aongeze jambo moja ambalo watoto wote wanalijua: makonyo hayatupwi. Nayo huuzwa, hutolewa mafuta kwenye kiwanda cha Chake Chake. Sentensi iliyotolewa kwenye aya hii inawekwa kwa ajili ya aya nyingine. Watoto hukataa kufuta kwa sababu wanaona wanapoteza kazi yao; wakijua kuna mahali itakwenda, mkono unalegea.

Kipindi cha kwanza ni cha vikaratasi. Mwalimu anachukua kazi moja (si ya mtoto aliyekaa hapo darasani akaona haya, iwe ya mwaka uliopita, au ya kutunga) na kuandika kila sentensi kwenye kikaratasi chake. Kwa watoto 48 wakiwa wanne wanne ni makundi 12, na kwa sentensi 11 ni vikaratasi 132. Karatasi moja ya A4 ikikatwa kwa upana inatoa vikaratasi 8, kwa hiyo karatasi 17 zinatosha, na upande mmoja ukiwa umeshatumika si neno. Kalenda za zamani ni bora zaidi kwa sababu ni nzito na upepo hauzipeperushi. Kuandika 132 kwa mkono ni kazi ya usiku mzima. Afadhali mwalimu asome sentensi na kila kundi liandike za kwao, dakika 10 zinatosha, na papo hapo imekuwa imla.

Swali linaandikwa ubaoni kwa ukamilifu wake. Makundi yanatenga mafungu, na hakuna kikaratasi kinachohama bila mtu kusema "hiki kinajibu..." Bila sharti hilo, mtoto mmoja mwepesi anapanga vyote na watatu wanatazama. Kosa la pili ni mafungu kuwa mengi mno, sita au saba, kwa kuwa wanatenga kwa neno na si kwa swali: chenye "kaka" kwa chenye "kaka", chenye "huanikwa" kwa chenye "kuanikwa". Mwalimu asiyavunje mafungu yao. Achukue vikaratasi viwili kutoka mafungu tofauti aulize vinajibu swali gani. Wakitoa jibu moja, watayaunganisha wenyewe. Mafungu mengine yatabishaniwa mpaka kengele ilie. Sentensi ya 10 wengine wataitia kwenye faida, wengine kwenye safari ya karafuu mpaka sokoni, na zote mbili ni sawa kama sababu inasimama.

Mwisho wa kipindi kila kundi linabaki na fungu moja mbele yake na bahasha moja yenye yaliyobaki. Hakuna kilichoandikwa kwenye buku bado. Mwalimu mkuu akipita atadhani watoto wanacheza.

Kipindi cha pili ni cha mfuatano. Fungu la maandalizi lina vitatu tu: huanikwa, mvua huharibu, kabla ya kuanikwa huchambuliwa. Kipimo ni kubadilisha nafasi za vikaratasi viwili na kusoma kwa sauti. Kama hakuna kilichoharibika, hapakuwa na mpangilio, palikuwa na orodha. Hapa kinaharibika: huwezi kusema "kabla ya kuanikwa" baada ya kuwa umeshaanika. Watoto watakisogeza juu bila kuambiwa. Fungu la faida halina wakati wa kulipanga, na hapo ndipo watoto hukwama. Waambiwe waanze na faida ya mtu wa mbali na kumalizia na ya nyumbani, au kinyume chake, alimradi wachague.

Katika kipindi hicho hicho mapengo yanaonekana. Zikichumwa, kisha? Zikikauka unajuaje? Kila pengo linajazwa kwa mdomo kwanza, wawili wawili, dakika 3, kisha kwa kikaratasi kipya. Watoto hawa ni wasemaji hodari. Anayeandika "mvua ikinyesha huharibika" ukimwachia aseme atakwambia zikilala bila kuchambuliwa hupata moto, zikirowa hubadilika rangi, na aliyeachiwa kuziangalia akaenda kucheza atajua siku hiyo. Haya yote hayakuwemo kwenye buku kwa sababu kuandika kunakwenda polepole na wazo linachoka njiani.

Sentensi ya mada ndiyo inayokuja mwisho wa kipindi hiki, baada ya fungu kukamilika. Inaandikwa kwa kulitazama fungu na kuuliza: ningemwambia nini mgeni ili ategemee haya na si mengine? "Karafuu ni zao la biashara" inashindwa papo hapo, kwa kuwa mgeni anaweza kutegemea lolote.

Kuandika kwenyewe ni kipindi cha tatu, dakika 25, na vikaratasi vipo mezani. Hii ndiyo kazi ya pili ya mtoto yule yule:

Karafuu zikishachumwa hazianikwi hapo hapo. Kwanza huchambuliwa makonyo usiku ule ule, kwa sababu zikilala kwenye pakacha hupata moto zikaharibika. Asubuhi huanikwa juani kwenye majamvi. Mtu mmoja hubaki kuziangalia kwa sababu mvua ikinyesha huharibika. Zikikauka huwa na rangi ya kahawia na ukiivunja moja hukatika kwa mlio. Hapo hutiwa kwenye polo zikapelekwa kuuzwa. Kaka yangu ndiye anayebeba polo.

Sentensi 7 badala ya 11, na zenye habari zaidi. Vitenzi karibu vyote vimekaa kwenye hu-; hizo -ka- mbili zilizomo ("zikaharibika", "zikapelekwa") zinafuata hu- na kuendeleza jambo lile lile, kwa hiyo zisipigwe duara kwa pupa. "Kwa sababu" na "kuharibika" vimerudiwa mara mbili na havipendezi. Kaka bado amerudi kwenye sentensi ya mwisho, safari hii na polo (gunia) badala ya mkarafuu. Asahihishwe nini? Katika duru hii, kaka tu, na kwa swali, si kwa kalamu: "Hii inajibu swali la ubaoni?" Mtoto ataipeleka kwenye bahasha mwenyewe. Marudio yaachwe kwa siku nyingine. Mtoto akirudishiwa buku lenye alama 12 nyekundu hujifunza kwamba kuandika kidogo ni salama.

Maksi nazo zifuate kilichofundishwa. Kwa kazi kama hii, 4 za kubaki kwenye swali moja, 3 za mfuatano, 2 za mfano au maelezo yanayothibitisha, na 1 ya tahajia na alama. Mwalimu anayetoa 5 kati ya 10 kwa sarufi asishangae watoto wakitengeneza sarufi peke yake. Mizani hii itageuka baadaye, muhula ukisonga.

Mambo mawili madogo yanaharibu kazi njema. La kwanza ni kanuni ya "aya ni mistari mitano". Mtoto huhesabu mistari, akifika wa tano anaruka chini hata kama yumo katikati ya jambo. Aya inaishia pale swali linapokwisha kujibiwa. Mstari wa kwanza uingizwe ndani kwa upana wa kidole gumba, na hilo linatosha kuhusu umbo. La pili ni orodha ya viunganishi inayobandikwa ukutani mapema. Wiki hiyo kila aya itakuwa na "hata hivyo" ambapo hakuna kinachopingana, na "kwa hiyo" kama ile ya sentensi ya 11, isiyotokana na chochote. Kiunganishi kitolewe pale vikaratasi viwili vinapokaa jirani na watoto wenyewe wanauliza vipi viunganishwe. Wakiwa wanaeleza hatua, "kwanza", "kisha" na "zikikauka" vinatosha.

Kazi ya nyumbani isizidi sentensi 3. Mchana watoto wana chuo cha Kurani, na msimu wa karafuu ukiingia jioni si yao.

Kipindi cha nne kinaonyesha kama kitu kimeingia. Hakuna vikaratasi, mada ni mwani, swali ni "Mwani hufanywa nini mpaka uwe tayari kuuzwa?" Mtoto wetu aliandika "Mwani ukishachumwa hauuzwi hapo hapo", akaendelea na kuanika, akamaliza vizuri. Mwalimu angefurahi, lakini afadhali asubiri. Swali ni la aina ile ile, na jibu limekatwa kwa kigezo cha karafuu. Aliyeshika swali angeona kwamba halikuanzia kwenye kuvuna: mwani una kamba na vijiti vya kufungwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na wiki kama sita za kukaa majini kabla haujavunwa. Yote hayo ameyaruka kwa sababu aya ya kwanza ilianza na "zikishachumwa".

Hakuna haja ya kumrudisha kwenye karafuu. Kinachohitajika ni swali ambalo kigezo cha zamani hakilitoshi: "Kwa nini wavuvi wengi hawaendi mbali wakati wa upepo wa kusi?" Hapa hakuna hatua za kufuatana, kuna sababu, na atalazimika kutenga upya. Apewe vikaratasi vitupu 6, aandike sababu moja kwa kila kimoja, na kabla hajashika buku amwambie jirani yake ni kipi kinakwenda kwenye bahasha.